Kreni Huja Mwisho: Kuhamisha Mizinga, Nanga na Rafadha za Meli za Makumbusho

Kwenye picha za ukarabati wa meli za kale kinachopendwa ni kreni: mtutu unaning'inia, watu wamevaa kofia ngumu, nyuso zote zimeelekea juu. Hizo ni dakika ishirini. Nyuma yake kuna wiki mbili tatu za kupima, kugonga, kuchokonoa kutu, kupanga mbao na kubishana, na humo ndimo usalama unapopatikana au kupotea. Siku ya kreni ikifika na bado kuna mtu anauliza "hivi huu una tani ngapi?", kreni irudi ilikotoka.

Nazungumzia vitu vya tani moja hadi kumi hivi: mizinga ya kale, nanga, rafadha (mapanga yanayozunguka kusukuma meli), mizinga midogo ya karne ya 20 pamoja na vitako vyake. Mitutu ya manowari kubwa ni habari nyingine. Mtutu mmoja wa inchi 16 wa manowari za daraja la Iowa za Marekani una tani kama 121 ukiwa na kifungio chake cha nyuma, na urefu wake ni mita 20 na ushee. Huko hakuna kujaribu bila kampuni ya mizigo mizito. Hesabu lakini ni zile zile, na makosa pia.

Uzito upatikane mara mbili

Mizinga mingi ya Uingereza ya karne ya 18 imechongwa uzito wake sehemu ya nyuma, tarakimu za mafungu matatu, na watu huzidhania ni namba ya usajili. Ukiona 56-1-14, soma hivi: handredweti 56, robo 1, ratili 14. Handredweti ya Kiingereza ni ratili 112, na robo yake ni ratili 28. Kwa hiyo ni 6,272 + 28 + 14, jumla ratili 6,314, yaani kilo 2,864.

Namba hiyo ilichongwa mzinga ukiwa mpya. Leo unaweza kuwa umejaa mchanga, umevaa gamba la chokaa na kutu la unene wa vidole viwili, au umeliwa na chumvi ukapungua. Ndiyo maana unahesabu tena kwa futi. Gawa mzinga vipande vitatu, pima kipenyo cha katikati ya kila kipande, tafuta ujazo, toa ujazo wa tundu, zidisha kwa uzito wa madini. Mfano: mzinga wa mita 2.8. Kipande cha nyuma mita 0.8 chenye kipenyo cha sentimita 52 kinatoa mita za ujazo 0.170. Cha kati, mita 0.8 kwa sentimita 45, kinatoa 0.127. Cha mbele, mita 1.2 kwa sentimita 36, kinatoa 0.122. Jumla 0.419. Tundu la sentimita 16 lenye kina cha mita 2.6 linaondoa 0.052. Kinachobaki, 0.367, zidisha kwa 7.2 ambayo ni tani za chuma cha kumimina kwa kila mita ya ujazo: tani 2.64. Ongeza asilimia tano kwa kirungu cha nyuma, masikio (vigingi viwili vya ubavuni ambavyo mzinga hukalia) na mapete, unafika karibu tani 2.8. Hesabu mbili zimekutana, basi funga vifaa vya tani 3.5 na uendelee.

Zisipokutana, usichukue wastani. Tafuta kwa nini. Mara nyingi ni madini: chuma cha pua na chuma cha kufua ni 7.8 hivi, shaba nyeusi ya mizinga ni 8.7, risasi ni 11.3. Rafadha ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu zote zina rangi ya dhahabu ila mchanganyiko wenye aluminiamu na nikeli ni 7.6 na ule wa manganizi unapita 8. Mara nyingine tofauti iko ndani. Mnara wa mizinga wa USS Monitor, manowari ya Marekani, ulipoinuliwa kutoka baharini mwaka 2002 ulikuwa kichwa chini miguu juu, mizinga yake miwili ingali ndani pamoja na mashapo ya miaka 140. Aliyepiga hesabu ya mnara mtupu angekuwa amehesabu kitu kingine kabisa.

Chukulia kuwa una baruti

Pima kwa nje kutoka mdomoni hadi kwenye tundu dogo la kuwashia. Kisha ingiza fimbo ya mbao, siyo ya chuma, mpaka igote. Vipimo viwili vinapaswa kukaribiana. Fimbo ikigota sentimita 40 au 60 mapema, kuna kitu: huenda ni matope, huenda ni kiota cha ndege, na huenda ni tufe lenye kizibo na baruti nyuma yake. Mwaka 2013 mzinga wa HMS Hussar, meli ya kivita ya Uingereza, uliokuwa umekaa kwa miongo kadhaa katika Central Park, New York, ulikutwa na baruti na tufe ndani. Ulikuwa wakati wa kuusafisha kutu. Wageni walikuwa wameupitia miaka nenda miaka rudi.

Baruti nyeusi iliyolowa na kukauka bado inashika moto. Kwa hiyo hakuna kutoboa, hakuna kupasha joto, hakuna kuunganisha umeme wa kuondoa chumvi (umeme huo unatoa hidrojeni), hadi wataalamu wa mabomu waseme kweupe.

Mizinga ya karne ya 20 ina hatari nyingine iliyojificha vizuri zaidi: nguvu iliyobanwa. Chini au juu ya mtutu kuna mitungi ya mafuta, na ama springi ama hewa iliyoshindiliwa, ambavyo kazi yake ilikuwa kuurudisha mtutu mbele baada ya kupiga. Meli imestaafu, springi haijui. Ukifungua nati inayoshika mtutu kwenye kigari chake cha kuteleza kabla ya kulegeza springi au kutoa hewa, kitu cha tani mbili kinachomoka kama kizibo cha chupa. Hewa itolewe kidogo kidogo kwa vali yake, na usiamini mshale wa geji uliosimama kwenye sifuri. Geji ya miaka 80 mara nyingi imeganda. Legeza kiunganishi cha bomba robo mzunguko ukiwa umesimama pembeni, usikilize.

Halafu kuna mizani. Mtutu umekaliwa kwenye masikio yake karibu sana na kitovu cha uzito, ili mtu aweze kuuinua kwa gurudumu la mkono. Ukitoa kifungio cha nyuma, chenye kilo mia kadhaa, mdomo unakuwa mzito na unashuka kwa kishindo, ukivunja meno ya gia ambayo hayatengenezwi tena popote. Kwa hiyo mpangilio ni huu: mtutu uwekwe sawasawa, mdomo uegemezwe kwanza kwenye mbao, mhimili wa kupandisha na kushusha ufungwe kwa pini au kwa chuma kilichochomelewa pembeni (siyo kwenye kifaa chenyewe), ndipo kifungio kitoke.

Chuma kigonjwa

Chuma cha kumimina kilichokaa baharini muda mrefu kina tabia moja ya hila. Chumvi inaondoa chuma na kuacha nyuma grafaiti ikiwa na umbo lile lile, maandishi yale yale, hata alama ya mfalme. Kwa macho mzinga ni mzima. Kwa kisu unaukwaruza kama penseli. Tabaka hilo linaweza kuwa la milimita chache au la sentimita tatu, na halibebi kitu. Mkanda ukikazwa hapo, gamba linabanduka lote pamoja na maandishi, na mkanda unalegea ghafla kwa sababu kipenyo kimepungua. Kishindo cha kulegea huko ndicho kinachokata mikanda.

Choma sindano nyembamba sehemu mbili tatu zisizoonekana ujue kina chake kabla hujaamua mahali pa kufunga. Na kitu kilichotoka majini kisikauke hata siku moja: kifunikwe kwa matambara yaliyolowa na nailoni juu, kisha kiingie kwenye maji ya magadi au ya sodiamu haidroksaidi. Kikikauka, chumvi iliyo ndani inafumuka na chuma kinapasuka vipande. Matufe ya mizinga yaliyotolewa tu baharini hata hupata joto mkononi yanapokutana na hewa. Hili si jambo la wahifadhi peke yao. Linabadilisha ratiba ya kreni. Usifungue kitu ambacho tangi lake halijajazwa.

Mikanda, pembe na masikio

Kwa vitu vya kale napendelea mikanda ya duara ya poliesta kuliko minyororo au waya. Haing'ati, hainyooki sana kama nailoni, na rangi yake inasema uwezo wake: kijani tani 2, njano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5. Uwezo huo ni wa mkanda ulionyooka wima. Ukiusongesha kama kitanzi unabaki na asilimia 80. Ukiupitisha chini ya mzigo na ncha zote mbili zikapanda wima, unapata maradufu. Adui wake ni ncha kali. Ukingo wa rafadha au pete ya mzinga iliyolika unaukata mkanda wa tani 5 kwa mzigo wa tani 1, kwa hiyo weka kipande cha bomba la mpira nene lililopasuliwa, au ngozi ngumu, kila mahali mkanda unapokunja kona.

Pembe ndiyo inayosahaulika. Mzigo wa tani 3 kwenye miguu miwili wima unampa kila mguu tani 1.5. Miguu ikiwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba 1.73. Nyuzi 45, unabeba 2.12. Nyuzi 30, kila mguu unabeba tani 3 nzima, na juu ya hapo kuna nguvu inayobana mzigo kwa ubavu kutoka ncha zote mbili. Boriti ya chuma ya kutandaza miguu inamaliza tatizo hili, na kwa kitu kirefu kama mtutu au mlingoti siioni sababu ya kunyanyua bila boriti. Gharama yake ni kimo: inakula mita moja au mbili chini ya ndoano, na ndani ya meli hizo mita huna.

Je, si mizinga ilinyanyuliwa kwa masikio yake zamani? Ilinyanyuliwa, ikiwa mipya, na kwa kamba iliyoshika pia kirungu cha nyuma. Masikio ya mizinga mingi ya kale yalimiminwa chini ya mstari wa katikati, maana yake kitovu cha uzito kiko juu ya mahali unaponing'iniza, na mzinga utataka kujipindua tumbo juu. Zaidi ya hapo, makusudi kabisa, nyuma ilifanywa nzito kidogo kuliko mbele. Kwa hiyo funga mikanda miwili tumboni, mmoja mbele ya masikio na mmoja nyuma, wa nyuma ukiwa na uwezo mkubwa zaidi, halafu kamba nyepesi kwenye masikio ya kuzuia kuzunguka tu. Mizinga ya shaba yenye vishikio vya umbo la samaki mgongoni inatamanisha. Viache. Ufa ndani ya kishikio cha miaka 300 hauonekani kwa macho.

Umbo lisilotabirika linahitaji kitanda chake. Nyambizi ya H. L. Hunley, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilipoinuliwa tarehe 8 Agosti 2000 ilikuwa imelalia ubavu kwa nyuzi kama 45, na wahusika hawakujaribu kuinyoosha. Waliondoa mchanga chini yake kidogo kidogo, wakapitisha mikanda mmoja baada ya mwingine, na kati ya mkanda na bodi wakajaza povu linalogeuka gumu likishika umbo la nyambizi yenyewe. Wazo hilo linafaa hata kwa kitu cha kilo 400: mifuko ya povu ni rahisi kuliko kuchonga mbao kwa umbo, na uzito unatawanyika bila kuchagua nukta moja.

Kwanza kitoke kwenye kutu, ndipo kinyanyuliwe

Kreni haivunji kutu. Kitu kilichokaa mahali pamoja tangu vita kimeshikana na sitaha kwa kutu, rangi ya tabaka ishirini, lami na boliti ambazo hazimo kwenye mchoro wowote. Mwendeshaji akivuta, kipima mzigo kinasoma tani 3, 4, 5, kisha kishindo, kutu imeachia, na mzigo unaruka juu nusu mita. Hapo ndipo watu huumia.

Kwa hiyo kiachishwe kwa jeki. Jeki fupi ya haidroliki chini ya upande mmoja, milimita 25, sukuma ubao chini yake, shusha uegemee, nenda upande wa pili. Upande mmoja kwa wakati mmoja, kamwe siyo pembe zote nne pamoja, kwa sababu mzigo uliosimama juu ya jeki nne hauna kitu cha kuuzuia kuteleza. Mbao ziufuate mzigo unapopanda ili jeki ikivuja usishuke zaidi ya unene wa kidole. Mbao ziwe ngumu, kavu, zisizo na rangi wala mafuta, zimepangwa tabaka kwa tabaka kama msalaba, na rundo lisizidi mara tatu ya upana wa msingi wake. Chuma juu ya chuma kinateleza: hata sahani nyembamba ya mbao kati ya kichwa cha jeki na mzigo inatosha. Mkono hauingii chini. Ubao husukumwa kwa ubao mwingine.

Boliti zilizoganda zipewe mafuta ya kupenya siku tatu kabla, kila asubuhi. Jua kwamba meli za Uingereza za zamani zina nyuzi za Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha inchi, si za milimita. Spana ya 19 inayokaribia kuingia itamenya kichwa tu. Na kabla ya kuwasha gesi ya kukatia, mtu apime kilicho nyuma ya bamba na kilicho kwenye rangi. Rangi za zamani zina risasi, mabomba yamefungwa asbesto, na saa za kale zinazong'aa gizani zina radiamu, madini yenye mionzi.

Humo chini kuna hatari moja isiyo na harufu. Kutu hula oksijeni. Chumba cha chuma kilichofungwa miaka kumi kinaweza kuwa na hewa inayomwangusha mtu kabla hajamaliza kushuka ngazi, na anayekimbilia kumwokoa anaanguka juu yake. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikisomeka chini ya 19.5 hakuna anayeingia, feni iendelee kupuliza. Pima juu, katikati na chini, kwa kipimo kilichofungwa kwenye kamba, siyo kwa pua.

Sitaha na njia

Sitaha iliyobeba mzinga miaka mia si lazima ibebe mzinga unaotembea. Ulipokaa, mhandisi wa wakati ule aliweka boriti chini yake. Hatua mbili pembeni hakuna kitu ila bamba, na bamba lililokuwa la milimita 10 limebaki 6 chini ya mbao nzuri zilizopakwa mafuta. Pima unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kila nusu mita katika njia nzima, chora ramani kwa chaki, na pale penye wasiwasi simamisha nguzo chini, sitaha kwa sitaha, hadi kwenye mataruma ya meli. Nguzo inayoishia kwenye sitaha ya pili imehamisha tatizo tu. Tandika mbao nene mkingamo, kisha bamba la chuma la milimita 6 juu yake. Mzinga wa tani 3 uliotandazwa kwenye mita mbili za mraba ni tani 1.5 kwa mita ya mraba. Mzinga huohuo juu ya vigari vinne vya magurudumu madogo unakaa kwenye eneo dogo kuliko kitambulisho chako.

Roli za bomba nene la milimita 50 au 60 bado zinashinda vigari sehemu nyingi, kwa sababu zinapita juu ya maungio bila kukwama. Ziwe tatu chini ya mzigo wakati wowote, na ya nne inasubiri mbele. Kwenye bamba safi la usawa utahitaji asilimia 2 hadi 5 ya uzito kuvuta: tani 3 ni kilo 60 hadi 150, kazi ya winchi ya mkono bila jasho. Mteremko wa moja kwa kumi unaongeza kilo 300, na hapo kinachohitajika si nguvu ya kuvuta bali ya kuzuia. Winchi ya pili iwe nyuma tangu mwanzo, kamba yake ikiwa na mvuto kidogo kila wakati. Anayeongoza roli kwa mguu atapoteza mguu.

Meli nayo inahama

Kwenye gudi kavu kila tani unayoiondoa inabadilisha namna meli inavyolalia magogo yake. HMS Victory, meli ya kivita ya Uingereza iliyo gudini Portsmouth tangu 1922, iliwekewa nguzo mpya 134 za chuma, kila moja ikipima mzigo inaobeba, na mizinga mingi inayoonekana humo leo ni ya kuigiza, myepesi. Wao wanajua bodi ya mbao ya 1765 inaanza kulegea wapi. Wewe huna nguzo hizo, basi angalau nyosha uzi wa chuma kutoka omo hadi tezi na usome mkunjo kabla na baada ya kila mzigo mkubwa.

Meli inayoelea ni kali zaidi. Chukua meli ya tani 1,500 yenye kimo cha uthabiti (kipimo cha jinsi meli inavyopinga kuinama) cha mita 0.6. Sogeza tani 10 kwa mita 8 kutoka katikati: 10 × 8 ÷ (1,500 × 0.6) inakupa 0.089, ambayo ni nyuzi 5. Nyuzi 5 ni kama si kitu, ukiwa umekaa. Lakini kwa mzigo wa tani 3 ulio juu ya roli zilizoelekea ubavuni, ni nguvu ya kilo 267, zaidi ya ule msuguano wa kilo 60 hadi 150. Mzigo utaondoka wenyewe, na ukiondoka unaongeza mwinamo.

Ukitumia mtambo wa kunyanyulia wa meli yenyewe, hali inazidi kuwa mbaya kwa sababu uzito unahamia kwenye ncha ya mlingoti mara tu unapoachana na sitaha, hata ukiwa umepanda sentimita moja. Ncha ikiwa mita 15 juu ya mahali kitu kilipokuwa, tani 10 kwenye meli hiyo zinapandisha kitovu cha uzito mita 0.1. Kimo cha uthabiti kinashuka hadi 0.5, na mwinamo ule unakuwa nyuzi 6. Na hiyo 0.6 tuliyoanzia, umeipata wapi? Ikiwa ni kwenye michoro ya zamani, haina maana: meli hiyo ilikuwa na mafuta, maji na risasi tumboni. Fanya jaribio la mwinamo (sogeza uzito unaoujua, pima meli imeinama kiasi gani) kabla ya msimu wa kazi, na tangi ziwe tupu kabisa au zijae kabisa.

Kuhusu kreni ya gatini nitasema kidogo. Kreni ya "tani 50" inanyanyua tani 50 karibu na magurudumu yake. Kwenye umbali wa mita 20 huenda ni tani 7 au 8. Mguu mmoja wa kreni unaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wa kreni na mzigo pamoja, na gati za zamani zina mashimo chini ya sakafu. Chagua saa ambayo maji yametulia kati ya kujaa na kupwa, mwombe nahodha wa bandari apunguze mwendo wa boti, na upepo ukipita mita 8 kwa sekunde mimi ningesubiri hata kama karatasi ya kreni inaruhusu 10. Anayetoa ishara awe mmoja. Anayeruhusiwa kupiga kelele "simama!" ni yeyote.

Mnyanyuo wenyewe: sentimita tano, simama, dakika tano. Soma kipima mzigo. Kikizidi hesabu yako kwa asilimia 10, shusha, hujamaliza kuachisha kutu. Sikiliza mbao. Tazama pini za pingu. Tarehe 11 Oktoba 1982, Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza ya karne ya 16, ikiwa tayari imetoka majini mbele ya kamera, pini ya mguu mmoja wa fremu iliachia na kona nzima ikashuka kwa kishindo. Bodi ilinusurika, na kilichoachia hakikuwa na umri wa karne nne, kilikuwa kipya.

Nanga na rafadha

Nanga ya kale yenye mti wa mbao mkingamo ivuliwe mti huo kwanza. Mbao imeoza ndani ya pete zake na itaachia ikiwa hewani. Usinyanyue kwa pete ya juu, maana ndiyo iliyosuguliwa na mnyororo maisha yake yote. Funga mkanda kwenye shina karibu na makombe, ambako uzito uko, na wa pili juu. Chuma cha kufua kimeungwa kwa nyundo pale mikono inapokutana na shina, na ufa huanzia hapo. Safisha na utazame kwa wino wa kupenya. Mnyororo uhamishwe peke yake. Wenye pingili za kipenyo cha milimita 50 na kizuizi katikati una kilo 55 kwa mita, kwa hiyo kipande kimoja cha mita 27.5 ni tani moja na nusu, na hakuna anayeliamini hilo mpaka alione.

Rafadha imekaa kwenye mhimili kwa mwinuko wa koni, imekazwa na nati. Nati isitolewe. Ilegezwe milimita 10 au 15, weka kipande cha mbao laini kwenye nafasi hiyo, kisha sukuma kwa jeki au kabari kutoka upande wa meli. Koni ikiachia, inaachia mara moja, kwa mlio kama wa bunduki, na nati ndiyo inayoidaka. Usiipashe kwa mwali mmoja mkali: shaba hubaki na mkazo ndani na baadaye hupasuka yenyewe. Yenye mapanga matatu izungushwe hadi mawili yaelekee juu, mkanda kwenye shina la kila panga, siyo kwenye ncha.

Kitakapokaa

Andaa kitanda kabla kitu hakijatoka. Mbao za mwaloni zina tindikali inayokula chuma na risasi, kwa hiyo weka povu la polithini kati yake. Mzinga ukae juu ya mihimili miwili, ya mbele na ya nyuma ya masikio, mdomo umeinama nyuzi 2 au 3 ili maji yatoke, tundu la kuwashia likizibwa kwa nta na mdomo kwa kizibo chenye tobo la chini. Kibandiko cha plastiki chenye namba kifungwe kwa uzi wa pamba, siyo waya. Baada ya wiki moja rudi na kabari, kwa sababu mbao zitakuwa zimeshindiliwa milimita chache na upande mmoja utakuwa unaning'inia.